MOYO SAFI NA NIA ISIYOCHANGANYIKA

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo lisiloonekana kwa macho wala kupimwa kwa mizani, walakini ndilo litialo thamani katika kila tendo la Mkristo. Likikosekana, tendo hubaki kama suke lisilo na punje. Jambo hilo ni usafi wa moyo. Watu wengi wakisikia maneno haya hudhani ya kuwa maana yake ni kujitenga na mawazo ya uasherati, basi. Hiyo ni sehemu yake mojawapo, tena si ndogo. Lakini maana yenyewe ni pana kuliko hiyo, nayo yamhusu mzee na kijana, mwenye mali na maskini. Na tuanze na neno lenyewe.

Neno "safi" lina maana mbili katika lugha yetu. Twasema nguo ni safi, yaani haina taka. Twasema pia dhahabu ni safi, yaani haikuchanganywa na madini mengine. Hebu na tumfikiri muuza maziwa. Alfajiri huosha kibuyu chake kwa maji ya moto, hukifukiza moshi, hukifuta hata kikang'aa. Mnunuzi akikitazama haoni doa. Walakini kabla ya kutoka nyumbani mtu huyu amekwisha kutia maji, kibaba kimoja kwa kila vibaba vitatu vya maziwa. Kibuyu ni safi. Maziwa si safi. Tena angalieni jambo hili: huenda maji yale yalikuwa mazuri, ya chemchemi, yasiyo na taka yo yote. Kosa halimo katika maji. Kosa ni kwamba yametiwa mahali pasipo pake, yakauzwa kwa jina la maziwa.

Mioyo yetu huchanganywa vivyo hivyo. Kupenda kuheshimiwa na jirani si uovu, maana kila mtu apenda jina jema. Lakini mtu akimpelekea mgonjwa chakula ili watu wa njiani wauone mzigo alioubeba, amechanganya maji na maziwa, naye ayauza kwa jina la huruma. Wazee walisema, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ngoma ni ya kijiji kizima, nayo italia arusini na katika sikukuu. Hata hivyo mkono wa mwambaji, pengine pasipo yeye kujua, huvuta ngozi upande wake. Ndivyo ilivyo nia ya mwanadamu. Kazi huanza kuwa ya Mungu, na moyo huivutia kwake kidogo kidogo.

Bwana wetu alilijua jambo hili vizuri. Katika mafundisho yake ya mlimani aliwaita heri wale wenye moyo safi, akawaahidia ya kuwa watamwona Mungu. Kisha katika mlango wa 6 wa Injili ya Mathayo twasoma maonyo matatu aliyoyatoa. Mtu angetazamia ya kuwa maonyo hayo yatahusu wizi, uuaji na uongo. Sivyo. Yahusu sadaka, sala na kufunga, yaani matendo yaliyosifiwa mno na wacha Mungu wa siku zile. Na neno la Kiyunani ambalo kwetu hutafsiriwa "mnafiki", asili yake ni mtu wa kuigiza michezo, ambaye katika nchi ya Wayunani wa kale alivaa uso wa bandia akasema maneno ya mtu mwingine mbele ya watazamaji. Watazamaji wakienda zao, mchezo umekwisha. Basi hapo pana kipimo kwa kila mmoja wetu: kama watazamaji wangeondoka, je, tendo letu lingeendelea?

Habari ya Anania na mkewe Safira, katika mlango wa 5 wa Matendo ya Mitume, ni mfano ulio wazi. Waliuza kiwanja, wakazuia sehemu ya bei, wakaileta iliyobaki miguuni pa mitume kana kwamba ndiyo yote. Petro alimwonyesha Anania ya kuwa kiwanja kilikuwa mali yake kabla hakijauzwa, na hata baada ya kuuzwa fedha ilikuwa katika uwezo wake. Hakuna aliyemlazimisha kutoa. Kama angalitoa nusu na kusema ni nusu, hakuna ambaye angalimlaumu. Shida ilikuwa kwamba walitaka kutoa sehemu na kupata sifa ya waliotoa yote. Walitia maji katika maziwa.

Sasa mtu aweza kuuliza, "Nitaujuaje moyo wangu, ikiwa wenyewe hunidanganya?" Swali hili ni la zamani sana, na mojawapo ya majibu yaliyo bora kabisa lilitolewa katika bara letu la Afrika, katika jangwa la Misri, yapata miaka 1,600 iliyopita.

Mwishoni mwa karne ya 4 baada ya Kristo, vijana wawili marafiki, jina lao Cassian na Germanus, walitoka katika nyumba ya watawa huko Bethlehemu wakaenda Misri kujifunza kwa wazee waliokaa jangwani. Walifika Scetis, bonde lililo magharibi ya matawi ya mto Nili, ambalo siku hizi huitwa Wadi Natrun, na hata leo ziko huko nyumba za watawa wa Kanisa la Kikopti. Wazee wa jangwani walikaa katika vijumba vidogo, wakasali, wakafunga, wakasuka mikeka na vikapu ili wapate riziki kwa mikono yao. Miaka mingi baadaye, Cassian alipokuwa amehamia mji wa Marseille katika nchi ambayo sasa ni Ufaransa, aliandika kwa Kilatini mazungumzo 24 ya wazee wale. Mawili ya kwanza ni ya mzee aliyeitwa Abba Musa. Abba maana yake ni baba.

Abba Musa aliwauliza vijana wale swali moja: kwa nini mmeacha nchi yenu na jamaa zenu, mkavumilia safari na taabu za jangwa hili? Wakajibu, kwa ajili ya ufalme wa mbinguni. Mzee akawaambia ya kuwa wamejibu vema kuhusu kikomo cha safari. Lakini shabaha yao ya kila siku ni nini, ile ambayo wakiikazia macho itawafikisha kwenye kikomo hicho? Hapo vijana hawakuwa na jibu.

Ndipo mzee alipowapa mfano wa mkulima. Kikomo cha kazi ya mkulima ni mavuno mengi, ghala likajaa. Lakini hawezi kuyavuna mavuno kwa kuyatamani. Kila siku, juani na katika baridi, shabaha yake ni moja tu: kusafisha shamba, kung'oa miiba, kuvunja mabonge ya udongo. Shamba likiwa safi, mavuno yana njia ya kuja. Vivyo hivyo, akasema, kikomo cha maisha yetu ni ufalme wa Mungu, na shabaha yetu ni usafi wa moyo, ambao pasipo huo haiwezekani kukifikia kikomo kile. Akaongeza mfano wa wapiga mishale washindanao mbele ya mfalme. Wakiondolewa shabaha mbele ya macho yao, hutupa mishale huku na huko, wala hawatambui ya kuwa wamekosa, maana hakuna alama ya kuwaonyesha wamepotoka kiasi gani.

Jambo alilolisema baadaye lafaa lisikiwe katika kila kanisa. Abba Musa alisema ya kuwa kufunga, kukesha, kusoma Maandiko na kuacha mali si ukamilifu wenyewe, bali ni vyombo vya kuutafutia, kama jembe lilivyo chombo cha mkulima. Mtu hawezi kula jembe. Alitaja watu ambao yeye alipata kuwaona, walioacha mali nyingi, dhahabu na fedha na mashamba mazuri, na baada ya hayo wakachafuka moyo kwa hasira kwa ajili ya kisu kidogo, au sindano, au kalamu. Wengine walikishika kitabu kwa wivu hata hawakutaka ndugu mwingine akiguse. Waliacha vikubwa, na moyo ule ule uliopenda vikubwa ukahamia kwenye vidogo. Tena akasema, kama mtu akimkasirikia ndugu yake kwa sababu amemkatiza katika kusoma kwake, hasara ya hasira ile ni kubwa kuliko faida ya kusoma. Maana usafi wa moyo kwake si kitu kingine ila upendo. Na kama Mtume Paulo alivyowaonyesha Wakorintho, mtu aweza kugawa mali yake yote asipate faida yo yote, ikiwa hana upendo.

Germanus akauliza swali ambalo sisi nasi twaliuliza: inakuwaje mawazo yaingia moyoni pasipo kuitwa? Mzee hakuwadanganya. Alisema haiwezekani moyo kukaa bila mawazo, lakini yako katika uwezo wetu kwa sehemu kubwa ni mawazo gani yapewe nafasi. Akaufananisha moyo na kinu cha maji, mawe ya kusagia yazungushwayo na nguvu za mto. Maji yakisukuma, jiwe halina budi kuzunguka. Lakini mwenye kinu ndiye achaguaye kutia ngano, au shayiri, au mbegu za magugu. Na lililotiwa ndilo lisagwalo. Mtu anayejaza masikio yake masengenyo tangu asubuhi asistaajabu jioni akipiga magoti na kuona unga wa masengenyo mbele yake.

Kisha mzee akafundisha namna ya kuyapima mawazo na nia, kwa mfano wa wenye kuvunja fedha sokoni. Watu hao hawapokei sarafu kwa kuwa inang'aa. Huichunguza kwa njia nne. Kwanza, je, ni dhahabu kweli, au ni shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu? Pili, je, sura iliyochorwa juu yake ni ya mfalme wa haki, au ya mwasi aliyejitwalia kiti? Tatu, je, ilipigwa katika nyumba ya serikali, au katika nyumba ya siri? Nne, je, uzito wake ni kamili, au imeliwa na kutu?

Twaweza kuyatumia maswali hayo manne katika mambo ya kwetu. Mwalimu wa dini atamani kuhubiri katika kanisa kubwa mjini. Ajiulize kwanza: je, ni neno la Mungu ninalotaka kulipeleka, au ni jina langu lililopakwa neno la Mungu? Mzee wa kanisa ashika Maandiko ili kumkemea kijana. Maandiko ni dhahabu safi, hapana shaka. Lakini je, sura iliyo juu yake ni ya Kristo aliyewapokea wakosaji, au ni ya ugomvi wa zamani baina yake na baba wa kijana huyo? Mama afunga siku nyingi. Kufunga ni kwema. Lakini je, amri hiyo imetoka kwa Mungu, au imetoka katika kushindana na jirani aliyefunga siku mbili zaidi? Katika jambo hili Abba Musa alitoa habari ya mzee mmoja aitwaye Yohana, ambaye mwili wake ulikuwa umechakaa, naye akajitesa kwa kufunga siku mbili nzima. Alipokaribia kula, mjaribu alimtokea akamwomba msamaha, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemtwika kazi ile. Sarafu ilikuwa na sura ya mfalme, lakini ilipigwa katika nyumba ya siri. Na swali la nne lamhusu yule aliyeanza vizuri: alimsaidia yatima kwa huruma ya kweli, na sasa kila mkutano hulitaja jambo hilo. Dhahabu ingali dhahabu, lakini kutu ya majivuno imekula uzito wake.

Tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya jangwa na ya zamani tu. Katika miaka ya 1930 ulianza Uamsho ulioenea katika Afrika ya Mashariki yote. Mwaka 1929 Joe Church, mganga aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini huko Rwanda, alikutana mjini Kampala na Mkristo Mganda jina lake Simeoni Nsibambi. Wakasoma Maandiko pamoja na kuomba. Katika miaka iliyofuata moto ule ulionekana Gahini, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Waumini wake walijulikana kwa jambo ambalo hata wasioamini walilistaajabia: waliziungama dhambi zao waziwazi, wakarudisha vitu walivyoiba, wakapatana na wale waliokuwa wamewachukia.

Kurudisha kitu kilichoibwa ni kipimo kigumu cha moyo, maana arudishaye hupata hasara ya kitu na ya heshima pia. Lakini hata hapa maswali manne ya Abba Musa yana kazi. Kwa kuwa kuungama mbele ya watu kwaweza kusifiwa, kwaweza pia kutamaniwa kwa ajili ya sifa. Mtu aweza kuieleza dhambi yake ya zamani kwa maneno matamu, huku ile ya juma hili ameificha. Aweza pia kuungama kwa namna ambayo makosa ya jirani ndiyo yanayosikika zaidi kuliko yake. Toba ni dhahabu; nayo, kama dhahabu yote, ndiyo wadanganyifu wapendayo kuiigiza. Hakuna mtu aghushiye sarafu isiyo na thamani.

Msomaji mwenye moyo mnyenyekevu aweza kuogopa afikapo hapa, akasema, "Kama hivi ndivyo, basi matendo yangu yote yamechanganyika. Afadhali niache kutoa sadaka, niache kuwatazama wagonjwa, hata moyo wangu utakapotakata." Neno hili laonekana kuwa la unyenyekevu, lakini si jema. Mgonjwa ahitaji uji leo. Yatima ahitaji nguo kabla ya masika. Mkulima akiona magugu katika mahindi yake haachi shamba. Hung'oa magugu na mahindi huyaacha yakue. Vivyo hivyo mtu na atende jema, na huku akitenda aisafishe nia yake. Tena kuacha jema kwa kuogopa kuonekana mnafiki ni njia nyingine tu ya kujali macho ya watu.

Basi tufanye nini? Yako mambo matatu yaliyo karibu na kila mtu. La kwanza, kila juma na tufanye tendo jema moja ambalo hakuna ajuaye ila Mungu: kumchotea maji mjane kabla hajaamka, kumlipia deni mtu pasipo kujulikana, kumwombea adui. Tendo la siri haliwezi kulipwa na watu, kwa hiyo hutuonyesha kama twamtumikia Mungu au twatumikia malipo. Nanyi wanafunzi, fanyeni kazi yenu sawasawa mwalimu akiwa darasani na akiwa ametoka. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya moyo safi.

La pili, na tuangalie moyo wetu wakati tusiposhukuriwa. Mtu aliyetoa mchango wa kujenga kanisa, na jina lake likasahauliwa siku ya kusoma majina, siku hiyo amepata kioo. Akirudi nyumbani kwa amani, alimpa Mungu. Akirudi kwa uchungu, na atambue kiasi cha maji yaliyokuwamo katika maziwa yake. Wala asikate tamaa, bali amshukuru Mungu aliyemwonyesha.

La tatu, na tuombe. Daudi alipoanguka dhambini hakuahidi kuusafisha moyo wake mwenyewe. Alimwomba Mungu amwumbie mwingine ulio safi. Kuosha kibuyu twaweza wenyewe. Kuyatenga maji na maziwa yaliyokwisha kuchanganywa hakuna mkono wa mtu uwezao. Hiyo ni kazi ya Mungu. Yeye aupima moyo tangu siku alipomwambia Samweli asitazame kimo cha wana wa Yese wala sura zao.

Wazee walisema, nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Mkulima hajui siku mvua itakaponyesha, wala hajui magunia atakayoyapata. Lakini jembe lake analijua, na miiba iliyo mbele yake anaiona. Basi kila mmoja wetu na aanze na mwiba ulio karibu na mguu wake.